Rungwe ya Ndizi, Wanafunzi wa Soda

Tumezoea kuambiwa kuwa kisukari ni ugonjwa wa wazee na wenye vitambi. Dhana hiyo ni potofu, tena ya hatari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibaini kuwa takribani asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na ugonjwa huo. Kisukari cha aina ya pili hakimvamii mtu ghafla afikishapo miaka 25. Safari yake yaweza kuanza angali amevaa sare ya shule.

Ndiyo maana naitazama Rungwe kwa mshangao. Hii ni wilaya ya ndizi, maharage, maziwa na parachichi, nayo hulisha miji mingine. Hata hivyo, kengele ya mapumziko ikilia, mwanafunzi wa Tukuyu hukimbilia nini? Andazi, chipsi, biskuti na soda. Chupa ya soda ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai tisa hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Soda moja tu imekwisha kuvuka kiwango hicho cha pili.

Wapo watakaosema kuwa malezi ni ya mzazi, Serikali isiingilie. Hoja hii haina miguu. Mzazi wa Kiwira au Masoko hayupo shuleni saa nne asubuhi. Kinachouzwa getini huamuliwa, au huachwa bila kuamuliwa, na uongozi wa shule, kamati yake na halmashauri.

Wengine watamnyooshea kidole mama muuza maandazi. Nakataa. Yeye anatafuta riziki, na huuza kinachonunuliwa. Awekewe masharti, lakini apewe na nafasi: auze ndizi za kuchemsha, mahindi, karanga, maziwa na parachichi. Fedha itabaki kwake na kwa mkulima jirani yake.

Lawama yangu naielekeza kwa wenye mamlaka. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilianza kutoza kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji. Sisi tunatoza ushuru wa soda kwa lita, kana kwamba soda yenye sukari tele na isiyo na sukari ni mamoja. Vijana wanahitaji dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, ilhali kipindi cha michezo humezwa na masomo ya ziada. Tukiulizwa, tunajivunia UMISSETA, mashindano ya wachache waliochaguliwa.

Madai yangu ni matatu: chakula cha mchana shuleni kinachotokana na mazao ya Rungwe yenyewe, marufuku ya soda ndani ya shule na getini, na michezo ya lazima kwa kila mwanafunzi. Hakuna hata moja linalosubiri mfadhili kutoka ng'ambo. Ndugu msomaji, diwani wako akija kuomba kura, muulize amesimama wapi. Kinga tusiyoilipia leo, tutailipia kesho kwa insulini, kwa figo na kwa miguu iliyokatwa.