Namba Iko Ukutani, Bodaboda Bado Anauliza Mwembe



Juzi niliagiza kitabu cha sheria ya ushahidi kutoka Dar. Kikafika Tabora mjini fresh. Kazi ikawa kukileta Kwihara. Kijana wa bodaboda kapiga simu mara nne: "Dada, ni kabla ya tembe la Livingstone au ukishalipita? Mwembe upi sasa?" Miembe Tabora, jamani! Mafuta yake yameishia kuzunguka.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, tulibandikiwa namba za nyumba nchi nzima, kwa kodi zetu. Programu ya NaPA ipo, sikatai, unatafuta nyumba moja unaipata. Lakini mwenye mizigo ishirini anahitaji kitu kingine: programu inayojua geti la kila nyumba, njia ipi haipitiki mvua ikinyesha, nani anataka mzigo wake kabla ya saa sita, halafu impangie aanzie wapi ili asije Kwihara mara mbili kwa siku. Vijana wa kuiandika tunao. Dar, tangu 2015, wanafunzi wa Ramani Huria walichora mitaa ya mabondeni wenyewe kwa miguu. Tunachodai ni mahali pa nyumba pawe wazi kwa kijana yeyote anayetengeneza programu, bure, bila majina ya wakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwa hiyo tusiletewe kisingizio cha usiri.

Na hata akiitengeneza, je? Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Nani amelipa hasara ya dereva aliyekaa na mizigo ya watu siku zote hizo?

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga barabara ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa hapahapa Kwihara, akazungukia kusini na wapagazi wake hadi akafika. Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Serikali hii inamfungia njia mlipakodi wake, tena bila kumwachia pa kuzungukia.

Diwani wako akija kuomba picha, muulize hayo mawili: data za anwani, na fidia ya zile siku.

Kitabu nilikifuata mwenyewe stendi.