Kabla ya kuwasha kompyuta, keti kwanza sebuleni

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Mandera. Leo siandiki habari za programu, naandika habari za makochi. Nivumilieni, tutafika kwenye programu.

Mdogo wangu wa kike anasomea usanifu wa ndani ya nyumba jijini Nairobi, mwaka wa pili. Walipewa kazi: buni sebule ya familia katika mji uliokulia. Akakaa siku tatu mbele ya kompyuta, akatoa picha ungedhani zimekatwa kwenye gazeti. Makochi ya kijivu, meza ya kioo, dirisha kubwa la kutazama machweo. Mhadhiri akazitazama, akauliza swali moja tu: "Kwenu mnakaa kwenye kochi?"

Alinipigia simu usiku akilia. "Walaal, mimi nimezaliwa Mandera. Nimewezaje kusahau kwamba tunakaa chini?"

Sikumcheka. Nilipotoka chuo kikuu na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilimtengenezea mwenye duka mmoja wa mjini kwetu programu ya mauzo. Ilikuwa na grafu za rangi, kila kitu. Haikuwa na mahali pa kuandika deni. Duka la Mandera bila deni, jamani! Ilitumika siku nne, kisha daftari likarudi juu ya kaunta. Sikuwa nimeketi katika duka lile hata saa moja.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyapinga. Mchakato wa kubuni hufundishwa kama orodha ya kukariri: utafiti, wazo, michoro, kielelezo, majaribio. Mwanafunzi anaiandika kwenye mtihani, anapata alama, kisha anafanya kazi yake kinyumenyume, akianza na picha. Kompyuta imeyazidisha haya. Zamani picha nzuri ilichukua siku nyingi za penseli, na katika siku hizo maswali yalipata nafasi ya kuingia. Tena mchoro wa penseli unaonekana haujakamilika, kwa hiyo hata mama yako atathubutu kusema "hapa sipapendi." Picha ya kompyuta inaonekana kama nyumba iliyokwisha kujengwa. Watu husema "nzuri sana" na kunyamaza.

Basi likizoni tukasafiri naye. Nikamnunulia tepu ya fundi na daftari la mistari, kompyuta nikaifungia kwenye begi langu. Siku tatu aliketi katika sebule ya mama akiandika. Viatu hurundikana wapi. Mgeni mwanamume akipiga hodi, wanawake hupitia wapi. Mito inasogezwa mara ngapi. Siku ya pili akagundua jambo ambalo sisi sote tuliishi nalo bila kuliona: kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi hakuna mtu sebuleni. Mabati yamechemka, familia nzima iko nje chini ya mti. Yaani sebule aliyotakiwa kuibuni ilikuwa imeshahamia uani! Tatizo lilikuwa paa na kivuli, na yeye alikuwa ameshughulika na rangi ya makochi.

Ayeyo wetu, nyanya mzaa mama, alikuwa akimtazama tu. Mwishowe akaanza kumweleza aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali ambayo mwanamke ndiye fundi wake. Kiunzi ni fito zilizopindwa, nyingine za mizizi ya mgunga, juu yake mikeka iliyosukwa kwa mkono. Nyumba ikihama, fito zile zile zinafungwa juu ya ngamia na mikeka inakuwa tandiko la mgongoni. Kwa hiyo ukubwa wa nyumba huanza na swali la ngamia atabeba nini. Binti huanza kujifunza kwa kusuka na mama yake, na anapoolewa nyumba yake hutayarishwa na wanawake wa ukoo. Huo ni mchakato kamili: mahitaji, mipaka, vifaa, majaribio kila mnapohama. Mbunifu mwenyewe analala ndani ya kosa lake. (Sisi waandishi wa programu tungelazimishwa hivyo, mngeona mabadiliko.) Labelle Prussin, msanifu majengo wa Marekani, alitoa kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu nyumba za wafugaji wahamaji wa Afrika na wanawake wanaozijenga. Nimemwambia dada akitafute maktaba.

Lakini kutazama nako kuna mitego. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alibuni jiko la Frankfurt baada ya kuchunguza hatua na dakika za mpishi, akachukua mfano hata kutoka majiko ya mabehewa ya reli. Yakajengwa takriban 10,000. Kazi ya ajabu, ila lilikuwa jembamba, la mpishi mmoja. Ukitaka kupika na binti yako pembeni, hapatoshi. Ndiyo maana nilimkatalia dada alipotaka kumaliza kwa kumpima mama peke yake. Shangazi naye hutumia sebule ile, na watoto wa madrasa, na mjomba anayekuja Ijumaa.

Mtaniambia mteja wa Nairobi hununua picha, na asiye na picha halipwi. Kweli. Mimi pia huonyesha wateja wangu kurasa zenye rangi kabla programu haijafanya lolote, nami nalipa kodi ya nyumba kama ninyi. Ila mwanafunzi hana mteja bado. Hiyo miaka michache ndiyo pekee atakayoruhusiwa kukaa siku tatu akihesabu viatu mlangoni.

Sasa amejenga sebule ndogo ya kadibodi, ina baraza upande wa mti, na ayeyo ameshaing'oa ukuta mmoja akisema upepo hautapita. Kazi inawasilishwa Jumatatu. Kompyuta yake bado ninayo mimi.