Mvua si adui wa mtoto

Matone ya kwanza yakigonga bati, sauti ni ile ile karibu kila nyumba: "Ingieni ndani, mtaugua!" Nguo zinaanuliwa, mlango unafungwa, televisheni inawashwa. Masika nzima inaweza kupita hivyo, mtoto akiiona mvua kupitia wavu wa dirisha tu.

Hofu ya mzazi ina sababu, ila mara nyingi huelekezwa kusiko. Mafua hayaletwi na mvua. Huletwa na virusi vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, tena huenea kwa urahisi watu wanapobanana katika chumba kilichofungwa madirisha. Mtoto mwenye afya akicheza kwenye manyunyu kwa muda mfupi, kisha akabadilishwa nguo, akakaushwa na kupewa uji wa moto, si wa kuhofiwa sana. Mwenye pumu ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, kwani baridi inaweza kumbana kifua.

Yapo ya kuogopa kweli. La kwanza ni radi. Ngurumo ikisikika, mchezo umekwisha: watoto waingie ndani, wala wasijikinge chini ya mti, na wasitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wakiwa ndani wanaweza kuhesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja.

La pili ni maji yaendayo kasi. Maji ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto wa chekechea. Mitaro na mabonde si mahali pa kuchezea. Tena maji ya mtaroni huweza kuchanganyika na ya vyooni, na hapo kipindupindu hakiko mbali.

Hayo yakishalindwa, uani kuna mengi ya kuona. Kopo lenye pande zilizonyooka likiachwa mahali pa wazi, asubuhi mtoto anapima maji kwa rula yake ya shule. Kila milimita moja ni sawa na lita moja ya maji iliyoangukia kila mita moja ya mraba. Harufu nzuri ya udongo baada ya mvua ya kwanza hutolewa na vijidudu vilivyomo ardhini. Mvua ikinyesha huku jua linawaka, watoto husema simba anazaa. Mzazi awageuze walipe jua kisogo, watafute upinde wa mvua mbele yao. Jioni utakuwa mashariki, asubuhi magharibi.

Si mvua peke yake. Kipupwe kikifika, watoto wa Njombe na Lushoto wana ukungu na umande wa kukanyaga asubuhi. Wanachohitaji ni sweta na viatu, si kufungiwa. Kiangazini, jua kali la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri lipishwe kivulini, kofia kichwani na maji ya kunywa karibu. Upepo wa kaskazi unatosha kurusha tiara ya mfuko na njiti za fagio.

Familia inaweza kuanza na jambo dogo: jioni wasikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mtoto atoke nje atazame mawingu na kusema kesho itakuwaje. Kesho yake waone nani amepatia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto ambaye hajawahi kuachwa ayatazame atazijuaje dalili hizo? Siku atakayokuwa peke yake njiani kutoka shule, mbingu ikaanza kuwa nyeusi, ujuzi huo ndio utakaomrudisha nyumbani mapema, kabla mto haujajaa.