Huzuni ya Kijana si Uhaba wa Imani

Hapa Voi huletewa kijana ili tumsomee: hapati usingizi, chakula hakimpiti, hata mpira alioupenda ameususa. Mama hunong'ona, "Sheikh, labda ni jicho." Baba hukunja uso, "Ni uvivu, hata swala zamshinda."

Tumkumbuke Nabii Yaaqub (A.S.). Alimlilia Yusuf hata macho yakafanya weupe, naye ni Nabii. Huzuni, basi, si dalili ya imani haba.

Hali hiyo ikifika wiki mbili, msingoje. Tutamsomea, naam, nanyi mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Moi aonwe na daktari. Aghalabu tiba huanza kwa mazungumzo na mshauri. Akipewa dawa, huchukua wiki kadhaa kumtuliza. Zisikatizwe bila ya idhini ya daktari.

Akisema heri afe, msimkaripie wala msimwache peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Dua na dawa ni ndugu, tusiwatenganishe. Wabillahi tawfiq.