Mwacheni Aliyefiwa Alie

Jeneza halijatoka ndani, na mama wa marehemu amekwisha kuambiwa mara kumi anyamaze. Jikaze, mama. Usimkufuru Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa. Akina shangazi wamemshika mabega. Mzee wa kanisa anamkumbusha kwamba yeye ni msharika wa siku nyingi na watu wanamtazama. Kama ni nyumba ya Kiislamu, hakosekani wa kumnong'oneza kwamba machozi yake yanamwadhibu maiti. Wote hawa wanamtakia heri, na wote wanamfundisha uongo uleule: kwamba imani ikiwa kubwa, huzuni huwa ndogo.

Uongo huu umetuingia kiasi kwamba hakuna anayeuona kuwa ni fundisho. Uko mimbarini, uko kwenye redio za dini, uko kwenye makundi ya WhatsApp ambako mtu akiandika usiku kwamba amechoka na maisha, hujibiwa kwa aya tatu na picha ya mikono inayoomba, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mchango wa harusi. Ndani yake mna hukumu iliyofichwa. Unayelia, imani yako imepungua. Usiyelala kwa wasiwasi, hujamwachia Mungu. Uliye na hasira, shetani amekuingia. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu hupewa mzigo wa pili, wa aibu, juu ya ule aliokuja nao.

Tumtazame Ayubu, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi makaburini. Wahubiri wa mazishi wanaijua vyema sura ya kwanza, pale mzee huyu, akiwa amepoteza mifugo, watumishi na watoto wake kumi, anapoanguka chini na kulihimidi jina la yule aliyetoa na kutwaa. Ni wachache wanaofika sura ya tatu. Huko mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa na kuuliza kwa nini hakufia tumboni mwa mama yake. Hakomi hapo. Hadi sura ya 31 analalamika, anamdai Mungu majibu, anataka asikilizwe kama mtu aliyepeleka shauri lake barazani. Marafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jema pekee walilomfanyia. Walipofungua midomo wakamwambia yaleyale tunayowaambia wafiwa wetu: Mungu hakosei, chunguza ulipokosea wewe, tulia. Kitabu kinapofikia mwisho, Mungu anawakasirikia wao. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, anawaagiza wapeleke ng'ombe saba na kondoo saba wa sadaka, na ni Ayubu, yule mlalamikaji, anayepaswa kuwaombea ili wasamehewe. Sijui mtu anawezaje kukisoma kitabu hicho hadi mwisho, kisha akaenda msibani kumnyamazisha mama.

Kwa Waislamu ushahidi ni wa wazi vilevile. Ibrahim, mtoto wa Mtume Muhammad, alifariki akiwa bado ananyonya. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inamweka Mtume katika nyumba ya mhunzi, mume wa mama aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akiwa amempakata mwanawe anayekata roho huku machozi yanamtoka. Abdurrahman bin Auf alishangaa, akauliza, hata wewe? Akajibiwa kwamba hiyo ni huruma. Jicho lilitoa machozi, moyo ulihuzunika, na ulimi haukutamka la kumchukiza Mola. Mambo hayo matatu yalikaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba dini inakataza kupiga mayowe ya kukana kadari, kujipiga mashavu na kupasua nguo. Lakini katazo hilo watu wamelivuta hadi likafunika chozi la kimya, na ile hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kilio wanaitoa bila kusema kwamba Bi Aisha, mke wa Mtume, mwenyewe aliipinga alipoisikia, akitoa hoja ya Qurani kwamba hakuna abebaye dhambi ya mwenzake.

Kisha soma Surat Yusuf, aya ya 83 na ya 84, moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza Yakubu anatamka kwamba lake ni subira njema. Katika inayofuata macho yake yanageuka meupe kwa huzuni ya kumlilia Yusufu. Wanawe wanamwambia ataangamia kwa kumkumbuka huyo mtoto, nao bila shaka walidhani wanamsaidia baba. Anawajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Nabii wa subira njema ndiye huyohuyo aliyelia hadi akapofuka, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa upungufu wa imani.

Basi mafundisho haya ya kujikaza yametoka wapi, ikiwa maandiko hayayabebi? Nadhani yametoka kwetu sisi tulioketi pembeni. Kilio cha mwenzetu kinatutisha. Kinatukumbusha tuliowazika haraka na hatukuwalilia. Hatujui la kufanya na mtu anayelia, kwa hiyo tunamtafutia neno la kumnyamazisha, na neno la Mungu ndilo lisilojibiwa.

Makanisa yetu mengi ya uamsho yameongeza jingine, nalo ni utaratibu wa ushuhuda. Anayepewa kipaza sauti ni yule aliyekwisha kuvuka. Alikuwa mgonjwa, amepona. Alikuwa tasa, ana mapacha. Alikuwa na deni, limelipwa. Sina ugomvi na furaha hiyo, na anayemshukuru Mungu ana haki ya kusimama. Lakini ni lini umemsikia mtu akisimama mbele ya kusanyiko na kusema, bado? Bado nalia, bado siombi kama zamani, bado nina hasira na marehemu aliyeniachia watoto wanne. Wa namna hiyo hukaa kiti cha nyuma, na baada ya muda huacha kuja. Mchungaji naye amefungwa kamba hiyohiyo. Amezika watu wa mtaa mzima, na siku anapofiwa na mkewe anatarajiwa kuhubiri Jumapili inayofuata. Ibada inageuka mahali ambapo kila mtu anafika na uso alioukunjua mlangoni. Kitabu cha Zaburi, ambacho ndicho kitabu cha sala, hakiko hivyo. Kati ya zaburi 150, zaidi ya theluthi moja ni za kulia na kulalamika, na ile ya 88 inaishia gizani bila mstari hata mmoja wa faraja. Waliozikusanya hawakuona haja ya kuitafutia mwisho mzuri zaidi.

Pabaya zaidi ni pale fundisho hili linapomfikia mwanamke anayepigwa na mumewe. Anakwenda kwa kiongozi wake wa dini akiwa na jicho lililovimba. Anaambiwa asamehe. Anaambiwa avumilie, aombe, asiseme nyumba yake nje. Hakuna aliyemwuliza amepigwa kwa kitu gani, mara ngapi, tangu lini. Hasira yake, ambayo ilikuwa inamwambia ukweli kuhusu hatari iliyomo nyumbani, inaitwa dhambi. Anarudi nayo imekunjwa kifuani na mumewe anamsubiri. Msamaha wa namna hiyo haumkuzi mtu kiroho. Unamkinga mkosaji na kumlipisha aliyekosewa, na anayeuhubiri ana sehemu yake katika kipigo kinachofuata.

Yusufu huyo tuliyemtaja ametuonyesha njia nyingine. Ndugu zake waliomuuza walipofika Misri kununua nafaka, hakuwakumbatia siku ile. Kwa simulizi ya kitabu cha Mwanzo, alijitenga nao akalia. Walipokuja mara ya pili, aliingia chumbani akalia tena, akanawa uso, akatoka na kujizuia. Aliwapima kwanza aone kama bado ni watu wa kumuuza mdogo wao. Aliporidhika ndipo alipojifunua, na kilio chake siku hiyo kilisikika hadi nyumbani kwa Farao. Msamaha wake ulikuwa wa kweli kwa sababu ulipita katika yote hayo. Angeambiwa na mtu kwamba asamehe siku ya kwanza, angewasamehe watu ambao hakuwa amewajua wamekuwa watu wa namna gani.

Na kuna sonona, maradhi ambayo hayangojei msiba. Mtu hana alichopoteza, lakini asubuhi haoni sababu ya kuteremka kitandani. Kwa huyu tunakimbilia kisomo au maombi ya kufungua, na ikishindikana tunasema hakuamini vya kutosha. Wazee wetu katika elimu walikuwa mbele yetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu inayojulikana, na hii ya pili akaona asili yake imo mwilini na inatibika kwa tiba ya mwili. Ghazali, ambaye kazi zake zinasomwa hadi leo katika vyuo vyetu vya dini, alipatwa na hali kama hiyo Baghdad mwaka 1095: ulimi ukazuilika asiweze kufundisha, chakula kikakataa kushuka, matabibu wakakata tamaa. Aliyaandika hayo mwenyewe bila kuona haya. Na Eliya, chini ya mti jangwani, alipoomba afe, malaika hakumkemea. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani.

Hata sheria zinaanza kulegeza mkono. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji msaada, nyumba za ibada zinangoja nini?

Wengine huniambia kwamba nikiruhusu hisia zitawale, watu watakuwa watumwa wa nyoyo zao, na kwamba kazi ya dini ni kuuadabisha moyo. Kazi hiyo naikubali. Lakini huwezi kumwadabisha usiyezungumza naye. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alipotunga Al-Inkishafi karne mbili zilizopita, aliuweka moyo wake mbele yake na kuusemesha kama mwenzake. Aliukemea, lakini pia aliutembeza katika majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, akauonyesha kilichopotea na waliopotea. Ule ni utenzi wa mcha Mungu, na umejaa simanzi. Mila ya Pwani haikuwahi kututaka tuchague kati ya kumcha Mungu na kuhisi.

Vilevile siwaungi mkono wanaosema tuachane na sala twende kwa washauri nasaha peke yao. Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 mpango uitwao Friendship Bench, aliwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mwenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa vile walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi wa namna hiyo tunao sisi pia, katika kila jumuiya ndogondogo na kila darsa la akina mama. Wanajua kusali na wanajua msiba ulivyo. Kinachowazuia ni sisi kuwazoesha kuhubiri kabla hawajasikiliza.

Kwa hiyo ninaomba mambo ya kufanyika, kwa mashehe na kwa wachungaji. Mnapozika, msomeni Ayubu hadi sura ya tatu, na aya ya 84 ya Surat Yusuf muisome pamoja na ya 83. Akija mwanamke aliyepigwa, mpelekeni kwanza hospitali na kwenye dawati la jinsia, na suala la msamaha liacheni mikononi mwake mwenyewe hadi awe salama. Asiyelala wiki ya tatu, msindikizeni kwa daktari mkiendelea kumwombea. Na ibada ijayo, mpeni nafasi mtu mmoja ambaye jambo lake halijaisha. Akimaliza kusema msimkimbilie kwa mafuta na makelele. Mwulizeni kama amekula.