Miguu ikiuma, tusiikalishe: tuitembeze kwa akili

“Kaa, pumzika, usiumize miguu.” Hivyo ndivyo familia nyingi za Goma zinavyomwambia mzazi anayelalamika kwamba usiku nyayo zinawaka moto, zinachomwa kama na sindano, ao zimekufa ganzi. Maneno hayo yanatoka kwenye upendo. Lakini mara nyingi yanamwongezea mgonjwa shida.

Hali hiyo hutokea mishipa ya fahamu inapoharibika. Kisukari ndicho sababu inayojulikana zaidi, lakini kuna pia pombe kali ya miaka mingi, ukosefu wa vitamini B, ukoma, virusi vya Ukimwi, hata dawa fulani. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia izoniazidi huongezewa vitamini B6 ili kulinda mishipa hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kununua vidonge vya maumivu sokoni ao kumshuku jirani kwamba alitega dawa njiani, twende kupimwa kwenye kituo cha afya.

Na baada ya kupimwa? Tutembee. Mguu unaokaa siku nzima unapoteza nguvu: misuli inapungua, viungo vinakakamaa, na mtu anaanza kuanguka. Mwendo unafanya misuli itumie sukari iliyo katika damu, na wagonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, hata wenye magonjwa ya kudumu, wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku 5. Asiyeweza aanze na dakika 5 ao 10, kisha aongeze polepole.

Lakini tuko Goma. Lava ya Nyiragongo iliyofunika katikati ya mji mwezi wa Januari 2002 ndiyo tunayoikanyaga mpaka leo, na mawe yake yanakata. Mwenye ganzi anaweza kukatwa na jiwe asisikie, akatembea na kidonda siku tatu. Kwa mwenye kisukari, kidonda kama hicho kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kambambili hazitoshi. Avae viatu vilivyofunika vidole, avikung’ute kabla ya kuvaa, na kila jioni akague nyayo zake ao mtoto amuangalilie. Asiote miguu kwenye mbabula. Maji ya kuoga ayapime kwanza kwa kiwiko.

Mwenye kidonda asitembeze mguu huo kabla daktari hajauona, lakini anaweza kukaa kwenye kiti na kufanyisha mikono mazoezi. Asiye na kidonda ashike meza, ainue visigino, asimame na kukaa mara kumi. Anayetumia dawa za sukari asitoke bila kula. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ao maumivu ya kifua yakija, hapo hakuna mazoezi: ni hospitali.

Tunakifahamu kituo cha walemavu Shirika la Umoja, hapa mjini, kwa kazi ya viungo bandia na mazoezi ya viungo. Isiwe tunakumbuka huduma za namna hiyo baada ya mguu kukatwa tu. Vituo vya afya navyo vimwombe kila mwenye kisukari avue viatu, nyayo zake ziangaliwe. Kuangalia hakuhitaji mashine.

Mji nao una deni. Mzee atatembea wapi, ikiwa kando ya barabara kuna mawe, bidhaa na pikipiki? Salongo ya Jumamosi inaweza kuanza hapo: kusafisha njia ya mwenda kwa miguu katika kila avenyu.

Tarehe 27 Mei 2021, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama kwa kuogopa mlipuko mwingine. Watu wengi walishika njia ya Sake kwa miguu. Siku ile kila familia iliona ni nani anayeweza kutembea na ni nani wa kubebwa. Mzazi tunayemkalisha leo kwa kumhurumia, kesho anaweza kuhitaji miguu yake. Tumshike mkono, tutoke naye asubuhi.