Kazi ya Chuo Kikuu ni Ibada kwa Mwenye Nia

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika milima yetu ya Upare wako wazazi wanaouza tangawizi msimu baada ya msimu ili mtoto afike chuo kikuu. Kijana akifaulu vizuri hata akatakiwa abaki chuoni kufundisha, ndipo tunaposikia kauli mbili. Ya kwanza husema: mshahara wa mwalimu utamfikisha wapi? Ya pili, nayo hutoka msikitini, husema kuwa chuo kikuu ni mahali pa dunia na fitna, hivyo hakimfai mcha Mungu. Kauli zote mbili zina kasoro.

Lau watu wema wangevikimbia vyuo, umma huu ungebaki na nini? Al-Azhar ya Cairo ilianza kama msikiti katika karne ya 10. Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikaanza masomo mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Lakini majengo hayafundishi. Chuo ni watu: mhadhiri, mkutubi, karani wa mitihani na fundi wa maabara.

Wazee wetu wametuachia mfano ulio wazi, nao ni ndiva. Maji ya mlimani hukusanywa usiku, kisha hufunguliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Tope likijaa, watu huitwa msaragambo wakalizoa. Mwenye kuzoa tope haoni mahindi yakichanua papo hapo, lakini bila yeye shamba la bondeni hukauka. Ndivyo alivyo mtumishi wa chuo kikuu. Anayewafunza kwa uadilifu walimu watarajiwa, athari yake itafika katika darasa la Kihurio ambalo huenda asilikanyage maishani. Mwenye kulitambua hilo huamka na hamu ya kazi yake, hata mshahara ukiwa mdogo.

Hatusemi kwamba kila aliyeko chuoni yumo katika ibada. Anayetafuta cheo ili aitwe msomi, au anayeuza alama, huyo amejipunja mwenyewe duniani na akhera. Hadithi mashuhuri ya nia ndiyo mizani yetu sote, nasi walimu wa madrasa hatukusalimika na mtihani huo.

Basi wazazi, msimvunje moyo kijana aliyechagua njia hii. Nanyi maimamu, muombeeni badala ya kumshuku. Na wewe kijana, uliposhika chaki umeshika amana, itekeleze.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuthibitishie nia zetu na aitie baraka elimu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.